Mwovu Mmoja, Sanduku Moja: mwongozo wa kumkusanya Dark Vador ukiwa Kindu

Ukitazama filamu pamoja na watoto, sikiliza wanavyozungumza siku ya pili yake. Jina la shujaa litatajwa mara moja au mbili. Kitakachoigizwa uani, kwa kanga iliyofungwa shingoni na fimbo ya mwanzi mkononi, ni mwendo wa yule mbaya: pumzi yake nzito, sauti yake ya chini, jinsi anavyonyoosha mkono na mtu akakabwa koo bila kuguswa. Mimi pia nilivutwa na Dark Vador kabla sijavutwa na mwingine yeyote katika hadithi ile ya nyota, Star Wars, na miaka yote niliyomfuatilia imenithibitishia kwamba kukusanya vitu vyake ni kazi ya maana, yenye elimu ndani yake, na inayowezekana hata kwa mtu anayeishi kando ya Lualaba, mbali na maduka ya wakusanyaji.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliye Kasuku, Mikelenge au Alunguli, mwenye pesa kidogo, chumba chenye joto na hamu kubwa. Kama mhusika wako ni mwingine, Predator au Terminator, badilisha jina tu. Njia ni ile ile.

Weka mpaka kabla ya kununua chochote

Kampuni zinazouza vitu vya Star Wars zimetengeneza bidhaa nyingi mno. Marekani, katika jimbo la California, Steve Sansweet amejenga jumba la makumbusho liitwalo Rancho Obi-Wan, na kitabu cha Guinness kimeutambua mkusanyiko wake kuwa mkubwa kuliko yote ya Star Wars duniani. Wewe huwezi kushindana naye, wala huna haja. Mkusanyaji wa Kindu anafanikiwa kwa kuchagua.

Chagua mpaka mmoja kati ya hii. Wa kwanza ni umbo: unakusanya sanamu ndogo tu, zile za kusimama kwenye kiganja, wala hushughuliki na vikombe, fulana au mabango. Wa pili ni wakati: unakusanya vya miaka ya 1978 hadi 1985 tu, au vya kuanzia 1995 tu. Wa tatu ni mahali: unakusanya vitu vilivyouzwa katika nchi za Kifaransa, au vilivyotengenezwa Afrika kwa mikono. Wa nne ni idadi, na huu ndio ninaoupenda kuliko yote: sanduku moja la bati. Likijaa, kitu kipya hakiingii mpaka kingine kitoke. Sheria hiyo itakulazimisha kila mwaka kujiuliza ni kipi unakipenda kweli, na swali hilo ndilo linalotofautisha mkusanyiko na rundo.

Mfahamu mtu wako

Huwezi kutambua kitu cha mtu usiyemjua. Darth Vader, ambaye sisi tuliomsikia kwa Kifaransa tunamwita Dark Vador, alionekana mara ya kwanza tarehe 25 Mei 1977, filamu ya George Lucas ilipofunguliwa Marekani. Sehemu mbili nyingine zikafuata mwaka 1980 na 1983. Mwaka 1999, 2002 na 2005 zikaja tatu zinazosimulia jinsi kijana mwema, Anakin, alivyogeuka kuwa yule mwenye kinyago.

Mtu huyo mmoja amejengwa na watu wengi, na kila mmoja ameacha alama katika vitu utakavyovikusanya. Mchoraji Ralph McQuarrie ndiye aliyempa kinyago, kwa sababu katika hadithi alitakiwa kupita kutoka chombo kimoja hadi kingine katika anga lisilo na hewa. Brian Muir akakichonga. John Mollo akasimamia mavazi. Ndani ya mavazi alikuwamo David Prowse, Mwingereza aliyekuwa mnyanyua vyuma. Pumzi ilitengenezwa na fundi wa sauti Ben Burtt kwa kurekodi kifaa cha kupumulia cha wazamiaji. Sauti ya Kiingereza ni ya James Earl Jones, aliyefariki Septemba 2024, na ambaye mwaka 1977 aliomba mwenyewe jina lake lisiandikwe kwenye filamu.

Kuna jambo hapa la kumgusa Mswahili. Mwaka 1994 James Earl Jones huyo huyo alitoa sauti ya Mufasa, baba yake Simba, katika filamu ambayo wanyama wake wengine wanaitwa Rafiki, Pumbaa na Shenzi. Koo moja limetoa baba mbaya na baba mwema. Ukipata sanamu ya Mufasa, nakushauri uiweke karibu na ya Vador. Hao wawili ni ndugu wa sauti.

Jifunze majina matatu na miaka minne

Anayetafuta kwa jina moja anapata theluthi. Andika kwenye simu yako majina yote: Darth Vader kwa Kiingereza, Dark Vador kwa Kifaransa, Dart Fener kwa Kiitaliano. Muuzaji wa Ufaransa au Ubelgiji anayesafisha dari ya nyumba ya bibi yake ataandika jina alilolijua utotoni, na mara nyingi hataandika kampuni wala mwaka. Hapo ndipo bei huwa ya kirafiki.

Miaka ya kushika kichwani ni hii. Mwaka 1978 kampuni ya Kenner ya Cincinnati ilitoa sanamu 12 za kwanza, na Vador ni mmoja wao. Filamu ilikuwa imepata mafanikio yasiyotarajiwa, kiwanda kikachelewa, na Krismasi ya 1977 wazazi waliuziwa bahasha ya karatasi ngumu yenye cheti cha kuahidiwa sanamu nne zitakazofika baadaye kwa posta. Vador hakuwemo kati ya hizo nne, kwa hiyo anayekuambia Vador wake alitoka katika bahasha ile amekosea. Mwaka 1985 mfululizo huo wa kwanza ulikoma. Mwaka 1995 sanamu zilirudi, Kenner ikiwa tayari chini ya Hasbro. Mwaka 2013 Hasbro ilianza mfululizo mweusi wa sanamu kubwa kidogo, za kama sentimita 15, zenye viungo vingi.

Barani Ulaya vitu hivyo vilipita kwa kampuni nyingine: Palitoy Uingereza, Meccano Ufaransa. Meccano ilitumia kadi zilizoandikwa La Guerre des étoiles. Kwa filamu ya 1983 zilitolewa pia kadi zenye jina la filamu kwa lugha tatu, Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Kwa mkusanyaji wa nchi inayosoma Kifaransa kama yetu, kadi hizo zina mvuto wa pekee.

Tafuta kwa macho ya ndugu

Kindu hakuna duka la sanamu za zamani. Kuna watu. Karibu kila ukoo una mtoto Kinshasa, Lubumbashi, Goma au Bukavu, na nyingi zina mmoja Brussels. Huko Brussels, katika mtaa wa Marolles, kuna soko la vitu vikuukuu la uwanja wa Jeu de Balle, linalofunguliwa kila asubuhi. Wafanyabiashara hununua vitu vya nyumba nzima baada ya mwenye nyumba kufariki au kuhama, wakavimwaga chini kwenye mawe. Sanamu ndogo za watoto wa miaka ya 1980 huwa ndani ya masanduku ya viatu, zimechanganyika na magari na askari wa plastiki.

Mwombe ndugu kwa adabu, na umrahisishie. Usimwambie, "Shangazi, nitafutie Dark Vador." Mtumie picha tatu za kitu unachokitaka, bei ya juu kabisa unayoweza kulipa, na maagizo mafupi: apige picha mbele, nyuma, na maandishi ya mguuni, kisha akusubiri dakika kumi ujibu. Mtumie kwanza pesa ya nauli yake. Ndugu anayetumwa bure mara ya tatu hapokei tena simu, na hilo ni haki yake.

Hapa nyumbani, usidharau balo za nguo na viatu vya mitumba. Mabegi ya watoto, fulana, soksi na pajama zenye kinyago cha Vador hutoka humo. Zungumza na mama anayefungua balo, mwonyeshe picha, na umwambie utamlipa vizuri akikuwekea kabla ya kumwaga mezani. Kwa wauza vitu vya plastiki kutoka China utapata nakala zisizo na leseni. Nitakuambia cha kufanya nazo.

Usitume pesa kwa simu kwa mtu usiyemjua eti kwa sababu picha yake ni nzuri. Omba picha mpya, kitu kikiwa kimewekwa juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye nacho hufanya hivyo kwa dakika moja. Asiye nacho ataanza hadithi.

Soma mguu kabla ya uso

Vador wa Kenner ni sanamu ya viungo vitano: kichwa, mikono miwili, miguu miwili. Hakuna goti wala kiwiko kinachokunjwa. Upanga wake mwekundu umo ndani ya mkono wa kulia na hutoka kwa kusukumwa. Joho lake ni la vinili nyeusi, lenye matundu ya kupitisha mikono. Geuza sanamu, tazama nyuma ya miguu: utakuta herufi G.M.F.G.I., zinazosimama badala ya kitengo cha michezo cha kampuni ya General Mills iliyokuwa mmiliki wa Kenner, pamoja na mwaka 1977. Nyingi zina pia neno Hong Kong, lakini zisizo nalo zipo na ni halali, kwa sababu viwanda vilikuwa zaidi ya kimoja.

Mwaka 1977 huo ni wa haki za mchoro. Hauthibitishi kwamba sanamu ilitoka kiwandani mwaka huo. Sanamu iliyouzwa mwaka 1984 nayo imeandikwa 1977. Muuzaji akisema "ni ya mwaka wa filamu" na ushahidi wake ni mguu tu, usilipe zaidi.

Udanganyifu mkubwa haupo mwilini, upo kwenye viambatisho. Joho huchanika na upanga huvunjika ncha, kwa hiyo watu wamechonga vya kuigiza. Utapata mwili halisi wenye joho la jana. Jizoeze kushika vitu. Vinili ya zamani huwa na uzito na ulegevu fulani, na mikunjo yake imeshakaa. Ya kuigiza mara nyingi hung'aa sana au huwa nyembamba kama mfuko. Macho ya mwanzo hukosea, ya mwaka wa tatu hayakosei sana.

Kwa matofali ya LEGO, ambayo yamekuwa na Vador tangu 1999, tazama kila kitufe cha juu kwa karibu: jina LEGO limechapwa hapo kwa herufi ndogo. Kama halipo, ni nakala.

Nakala si dhambi. Nilinunua moja sokoni kwa faranga chache, kichwa chake kikubwa na macho yamepakwa rangi nyekundu, na naipenda. Kosa ni kuiita halisi. Katika daftari lako andika "nakala, soko la Kindu", na mwaka. Baada ya miaka thelathini, nakala zilizouzwa Kongo zitakuwa ushahidi wa jinsi watu wa Kongo walivyompata Vador, na wachache watakuwa wamezitunza.

Panga safari ya kitu mpaka Kindu

Kitu kina njia tatu za kutufikia. Ya kwanza ni ndege kutoka Kinshasa, ndani ya begi la mtu unayemjua. Hii ndiyo salama. Ya pili ni reli kutoka Lubumbashi kupitia Kamina, Kabalo na Kongolo, inayofaa kwa mabango, vitabu na masanduku mazito yasiyo na haraka. Ya tatu ni kutoka Kisangani: kwanza nchi kavu hadi Ubundu, kwa kuwa maporomoko ya Boyoma yanaufunga mto hapo katikati, halafu chombo kinachopanda Lualaba mpaka kwetu.

Kwa njia yoyote, fungasha kwa tabaka tatu. Ndani kabisa, karatasi nyeupe laini isiyo na wino, kwa maana wino wa gazeti huhamia kwenye plastiki. Katikati, boksi gumu au ndoo ya plastiki yenye kifuniko, iliyojazwa vitambaa ili kitu kisicheze. Nje, mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Upanga na joho vitolewe vikae pembeni ndani ya pakiti yao. Anayevuka kutoka Kasuku kwenda Alunguli kwa mtumbwi afungashe vivyo hivyo, hata kama ni dakika chache. Niliwahi kuvuka na upanga mwekundu mfukoni mwa shati, nikainama kumsaidia mama mmoja kupakia mzigo, na Lualaba ikachukua kilichonichukua miezi minane kukipata.

Kitu kikitoka nje ya nchi, muulize mapema ofisa wa forodha ni kodi gani inayokihusu, na uwe na karatasi ya manunuzi. Ukificha bei unajinyima ushahidi wa umiliki.

Pigana na joto, unyevu na wadudu

Sehemu hii ndiyo ya muhimu kuliko zote, na vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya havitusaidii sana, kwa kuwa wao wanapambana na vumbi la nyumba yenye vipasha joto. Sisi tuko karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta, kando ya mto mkubwa, chini ya mabati.

Anza na jua. Mwanga wa jua huvunja plastiki na rangi. Sehemu nyeupe na za kijivu hugeuka manjano, nyeusi hufifia na kuwa kama majivu. Usiweke rafu mkabala na dirisha, na usianike sanamu juani baada ya kuiosha. Kivuli chenye upepo kinatosha.

Halafu joto. Chini ya mabati saa nane mchana chumba huwa tanuri. Weka sanduku chini, kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni, juu ya mbao mbili ili hewa ipite na mchwa wasipande kimyakimya kutoka ardhini. Vinili laini, kama joho la Vador, ina mafuta ndani yake yanayoilainisha. Joto likizidi, mafuta hayo hutoka nje, joho hunata, na likilala juu ya plastiki ngumu kwa miezi huiyeyusha na kuacha kovu lisilofutika. Kwa hiyo weka karatasi nyeupe kati ya joho na mwili wakati wa kuhifadhi, lilaze bila kulikunja, na usilifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa kabisa.

Unyevu ni adui wa kadi, vitabu na mabango. Kusanya vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu na mabegi mapya, maana kazi yake ni kunyonya maji. Usipovipata, weka makaa makavu ndani ya soksi safi ya pamba, uifunge, uiweke kwenye kona ya sanduku, na uyabadilishe kila mwezi. Makaa hunyonya pia harufu ya ukungu. Mchele uliokaangwa bila mafuta hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi, lakini huita wadudu na panya, kwa hiyo mimi nimeuacha. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, fungua sanduku lote, toa kila kitu, kipate hewa ya kivulini siku nzima.

Wadudu: mende hula gundi ya kadi, mchwa hula kadi yenyewe. Usitumie vidonge vyeupe vya nafutalini vinavyowekwa kwenye nguo, kwa sababu mvuke wake hulainisha aina fulani za plastiki. Dawa bora ni usafi: usile karibu na sanduku, na futa ndani yake kila mwezi kwa kitambaa kikavu.

Mwisho, betri. Vador wa kuongea na panga za kuwaka zina betri, na betri iliyosahauliwa huvuja na kula vyuma. Toa betri siku hiyo hiyo kitu kinapofika. Ukitaka kumsikia akipumua, ziweke, msikilize, zitoe.

Safisha kidogo, tengeneza kidogo zaidi

Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto. Basi. Usitumie petroli, spiriti, dawa ya kuondoa rangi ya kucha wala jiki. Rangi iliyo kifuani mwa Vador, kwenye kisanduku cha vitufe, ni kidogo na hutoka kwa kusugua. Kadi na maboksi usiyaoshe kamwe. Pangusa kwa brashi kavu.

Kitu kilichovunjika kina thamani kama kilivyo. Ncha ya upanga iliyokatika inasimulia mtoto aliyecheza. Ukiiunga kwa gundi ya moto umefuta habari na umeongeza doa. Ukilazimika kutengeneza, andika ulichofanya.

Mwagize fundi wa hapa

Sehemu ya mkusanyiko wako ambayo hakuna mtu wa California wala Brussels anayeweza kuwa nayo ni ile itakayotengenezwa Maniema. Watoto wetu hutengeneza malori kwa waya na makopo ya samaki. Mpe mmoja wao waya, kopo na picha ya Vador, na umlipe kama unavyomlipa fundi. Mwombe mshonaji ashone joho kutoka mabaki ya kitambaa cheusi. Mwombe mchoraji wa mabango ya saluni amchore kwenye ubao, na jina aliandike jinsi anavyolisikia.

Wenzetu wameshatuonyesha njia. Ghana, miaka ya 1980, wachoraji walichora mabango ya filamu juu ya magunia ya unga kwa ajili ya sinema za kuzunguka vijijini, na leo mabango hayo yamo katika majumba ya sanaa. Nchini mwetu, Chéri Samba alianza kama mchoraji wa mabango Kinshasa kabla dunia haijamjua. Bodys Isek Kingelez alijenga miji ya ndoto kwa karatasi ngumu na plastiki, na mwaka 2018 jumba la MoMA la New York likaionyesha. Mwombe fundi wako aweke jina lake na tarehe chini ya kazi yake. Usikubali kazi isiyo na jina.

Kila kitu kiwe na neno lake

Sasa daftari. Kila kitu kipewe namba, tarehe kilipofika, kilikotoka, bei, vipimo kwa sentimita, hali yake, na picha mbili. Daftari moja likae nyumbani, nakala ya picha za kurasa zake ikae kwenye simu ya mtu mwingine. Mwaka 2017 Sansweet alitangaza kwamba vitu zaidi ya mia moja viliibwa Rancho Obi-Wan, na mshukiwa alikuwa mtu aliyemhesabu kuwa rafiki. Asiye na orodha hata hajui kilichopotea.

Lakini acha mstari mmoja zaidi katika kila ukurasa. Warega, ambao nchi yao inaanzia Pangi hapa Maniema na kuendelea hadi Kivu ya Kusini, walikuwa na chama chao cha Bwami, cha wanaume na wanawake, kinachopandwa ngazi kwa ngazi. Vinyago na sanamu ndogo zilikuwa mali yake, na hakuna iliyoonyeshwa bila methali yake. Kinyago hakikuvaliwa usoni tu. Kiliweza kutundikwa uani, kuwekwa pembeni ya kichwa, au kushikwa ndevu zake za nyuzi. Na si kila sanamu ilikuwa ya mtu mwema. Mojawapo ni Wayinda, mwanamke mjamzito aliyezini, aliyeonyeshwa ili anayefundishwa aone uovu una sura gani na unazaa nini. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa kati ya Warega miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kikubwa juu yao mwaka 1973, alieleza kwamba maana haimo katika mti au pembe peke yake. Imo katika neno linaloambatana nacho.

Kwa hiyo, huku kwetu mtu kutunza sanamu ya mwovu ili afundishe wema si jambo la kigeni. Fuata utaratibu huo kwa heshima: chini ya kila namba, andika neno. Kwa Vador wa kwanza niliandika: "Aliogopa kumpoteza mkewe, na hofu hiyo ndiyo iliyompoteza." Kwa yule asiye na upanga: "Hasira imebaki, silaha imekwisha." Neno lisikopwe popote. Liwe lako, lipatikane kwa kukitazama kitu chenyewe.

Heshima hiyo ina mpaka pia. Vitu vya Bwami vyenyewe si vya sanduku lako. Vingi vilichukuliwa wakati wa ukoloni na viko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na kwingineko, na mwaka 1948 wakoloni walikipiga chama hicho marufuku. Mtu akikuletea kinyago cha kale au sanamu ya pembe, usinunue. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imekatazwa tangu 1989, na mali ya wazee ina wenyewe. Kanunue plastiki.

Andaa mrithi

Katika Bwami, mwenye kitu alikuwa mtunzaji. Alipofariki, kitu kilikwenda kwa anayefuata, na vingine vilikaa katika kikapu cha kundi zima, chini ya ulinzi wa mmoja wao. Mkusanyiko wako nao utakuzidi umri, kwa kuwa plastiki haiozi haraka. Chagua sasa mtoto mmoja, wako au wa jirani, anayepunguza sauti anapoongea juu ya Vador. Mfundishe kusoma mguu, kutoa betri, kubadilisha makaa. Mara moja kwa mwaka, siku ile ya kiangazi unapopunga vitu hewa, waalike watoto wa mtaa, weka sanamu kwenye mkeka kivulini, chukua moja moja mkononi, na kabla ya kutaja bei au mwaka wake, soma neno lake.

Halafu mpe mtoto huyo kalamu, na sanamu moja isiyo na neno bado.